Mwalimu wa Klachi na Gari la Bluu

Ukitaka kumjua Mwalimu, mtazame mguu wake wa kushoto akiwa usingizini. Mchana akishakula hujinyoosha kwenye kochi la sebuleni, na usingizi humchukua mwili mzima isipokuwa mguu ule. Mguu hubaki kazini. Hukanyaga taratibu, hushikilia, huachia nusu, kisha huachia wote kwa upole, na uso wa mwenyewe hujaa utulivu wa mtu aliyeondoa gari mlimani bila kurudi nyuma hata inchi moja. Mumewe, ambaye hupenda kuketi mwisho wa kochi lile lile, alishazoea kusukumwa mbavu.

"Tuko gia ya ngapi?" humuuliza.

"Ya tatu," hujibu Mwalimu bila kufumbua macho. "Usinisemeshe, kuna kona."

Jina alilopewa na wazazi wake lilistaafu zamani kabla yake. Mtaa mzima humwita Mwalimu, hata muuza mkaa, hata wifi zake. Alifundisha udereva miaka nenda miaka rudi, katika shule yenye chumba kimoja cha darasa, alama za barabarani zilizopauka ukutani, vigari vya plastiki vya kuonyeshea nani apite kwanza kwenye makutano, na gari moja jeupe lenye pedali pande mbili. Mwanafunzi alikaa kulia na pedali zake tatu. Mwalimu alikaa kushoto na zake mbili, klachi na breki, akiwa ameweka mkoba magotini na macho barabarani.

Alipitisha watu wa kila aina pale. Kulikuwa na muuguzi aliyefumba macho kila lori lilipokaribia. Kulikuwa na karani aliyeiomba gia samahani kila ilipokwaruza, na bwana mmoja mwenye maneno mengi aliyejua kila kitu cha gari isipokuwa kuliondoa. Walipojisahau, mguu wa Mwalimu ulikuwa umeshakanyaga. Wengi walipata leseni wakijisifu kwamba gia kwao zinateleza kama sabuni, wasijue kwamba nusu ya ufundi ule ulikuwa unafanyika chini ya dashibodi upande wa pili. Naye hakuwaambia. Ukimwambia mwanafunzi mapema mno kwamba hajui, kesho haji.

Lakini tusidanganyane, kazi ile ilimwachia kiu. Siku nzima yuko garini na siku nzima haendeshi. Usukani ni wa mwenzake, gia ni za mwenzake, safari yenyewe ni ya mwenzake, na haifiki popote. Inazunguka soko, inapanda mlima wa hospitali, inarudi shuleni. Jioni alipanda basi kwenda kwake, akakaa dirishani kama abiria mwingine yeyote.

Kisha siku moja, kwenye taa nyekundu, likasimama pembeni yao gari la milango miwili, la chini, la bluu iliyokolea. Dereva alikuwa mama wa makamo mwenye mvi, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani. Si kijana, si tajiri wa magazetini, mama tu. Taa ilipogeuka kijani, gari likaondoka, na Mwalimu akasikia kwa masikio yake mawili: gia ya kwanza, ya pili ikavutwa mpaka ikaimba, pumziko dogo, halafu ya tatu. Lile pumziko ndilo lililommaliza. Ni kitambo kisichofika hata nusu ya pumzi, injini imeachiwa, magurudumu yanakwenda yenyewe, na gari zima linamngoja mtu mmoja aamue. Mwanafunzi wake akauliza, "Mwalimu, twende?" Nyuma yao watu walikuwa wameshapiga honi mpaka wamechoka.

Tangu siku ile gari lile lilihamia kichwani mwake, halikulipa kodi wala halikutoka. Akiosha vyombo, aliliona. Akikaa kwenye foleni ya benki, aliliona. Katika ndoto zake za kochini barabara haikuwa na magari mengine wala vibao. Ilikuwa imelowa kidogo na mvua iliyokwisha, ikipinda taratibu kwenda mahali asipopajua, na yeye yuko kiti cha kulia, mkono wa kushoto juu ya kishikio cha gia, hana mwanafunzi, hana mkoba magotini. Aliamka kutoka huko akiwa mpole, akachelewa kujibu akiitwa.

Sasa tumlete mumewe. Yeye ni fundi cherehani, mwembamba kupita kiasi, na watu walishamwita Sindano kabla hajaota ndevu. Alikuja kwenye shule ile akiwa kijana anayetaka leseni, akakaa kulia, akaweka mguu kwenye klachi, na akaanza kuikanyaga juu chini, juu chini, vile vile alivyozoea kuendesha cherehani yake. Gari jeupe likainama na kuinuka barabara nzima kama linasali.

"Kaka," Mwalimu alimwambia, "hiyo ni klachi. Hushoni suruali hapa."

"Nimesikia, Mwalimu," alijibu Sindano, akaendelea kushona.

Alichukua masomo mengi kuliko mwanafunzi mwingine yeyote. Kila akikaribia kufaulu, mguu ulirudi kwenye cherehani. Miezi ikapita mpaka mwenye shule akamwonea huruma, na Mwalimu akaanza kujilaumu kwamba hajui kufundisha. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki: siku moja Sindano alichelewa, akaja mbio, akasahau kujitia ujinga, akaondoa gari mlimani safi kabisa. Mwalimu akamgeukia. Sindano akatazama mbele, masikio yamemwiva. Harusi yao ilifanyika mwaka ule ule, na gauni la bibi harusi alilishona bwana harusi mwenyewe.

Waliishi vizuri. Walipata binti mmoja, wakamsomesha, akawa na kazi yake na nyumba yake. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani, na sauti yake ndiyo iliyokuwa saa ya nyumba. Halafu mwaka jana, Sindano akiwa anapima koti la mteja, kiharusi kikampiga. Maisha yake yakabaki, upande wa kushoto ukaenda. Mguu alirudishiwa kidogo, akawa anautembeza kwa fimbo. Mkono wa kushoto uliendelea kuning'inia. Fundi cherehani hushona kwa mikono miwili, mmoja wa kuongoza kitambaa na mwingine wa kukivuta, kwa hiyo cherehani ikafunikwa shuka.

Hapo ndipo Sindano alipoanza maneno yake ya mezani.

"Mama watoto," alisema asubuhi moja akikoroga chai kwa mkono wa kulia, "ukistaafu si unanunua lile gari lako? Basi nunua otomatiki. Otomatiki haina klachi. Mguu mmoja, mkono mmoja, naendesha mwenyewe. Daktari kasema macho yangu na kichwa changu viko sawa, nikifanya mazoezi wataniruhusu."

Mwalimu alimtazama. Tangu atoke hospitali hakuwa amemsikia akizungumzia kitu kinachokuja mbele. Uso wa Mwalimu ukachanua. "Hilo nalo neno," akasema. Na kila asubuhi Sindano akalirudia neno hilo, atakwenda mwenyewe kunyoa, atakwenda mwenyewe kumsalimia binti, na kila asubuhi Mwalimu akafurahi mdomoni, huku moyoni gari la bluu likisogea mbali kidogo. Alijikaza. Mume aliyekushonea gauni la harusi humnyimi usukani kwa sababu ya pumziko moja kati ya gia ya pili na ya tatu. Jambo lenyewe hata kulieleza ni aibu.

Alistaafu wakati ule ule shule ilipouza gari jeupe na kuleta magari yasiyo na klachi. Binti yao akatafuta, akapata yadi ya magari yaliyotumika, akawapeleka wote wawili.

Yalikuwa mawili, yamepangwa sambamba chini ya paa la bati. Ya milango miwili, ya chini, bluu ile ile. Mwalimu akajitia kutazama matairi.

"Haya ni mapacha," alisema muuzaji, bwana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na mdomo usiokauka. "Hili otomatiki, hili gia za mkono. Nikushauri kama mama yangu? Chukua otomatiki. Linabadili gia kabla hujapepesa jicho. Yakishindana, hili la mkono linakula vumbi."

"Na baba ataweza kuliendesha," binti akaongeza. "Mama, hakuna hata la kufikiria."

"Hakuna," alisema Mwalimu.

Moyoni alikuwa anabishana. Kama gari linafanya lenyewe, tena kabla sijapepesa jicho, mimi humo nakwenda kufanya nini? Kutazama? Nimetazama maisha yangu yote. Lakini maneno hayo aliyameza.

Sindano, ameegemea fimbo, akasema kwa sauti ya mtu asiyejali, "Lijaribu na hilo la mkono. Usije ukasema hukulijaribu."

Mwalimu akafungua mlango, akaingia, akafunga mkanda, akaweka mkoba magotini, akangoja. Muuzaji akangoja pia.

"Mama," hatimaye muuzaji akasema, "usukani uko upande huu."

Alikuwa amekaa kushoto. Binti akacheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu akatoka, akazunguka gari zima polepole, na akaketi kulia. Kiti kilikuwa cha chini mno, barabara ilionekana karibu na uso. Akampa muuzaji, aliyeketi kushoto, mkoba aushike.

Nyuma ya yadi kulikuwa na barabara ndefu, tupu, katikati ya kuta za maghala. Mwalimu aliondoa gari kwa namna ambayo muuzaji alidhani bado limesimama. Kisha akavuta ya pili. Ukuta wa kushoto ukawa rangi tu, ukuta wa kulia ukawa rangi tu, mbingu ikashuka kwenye kioo, na mahali fulani mbele yake alisikia injini ikiomba kwa adabu, akaipa klachi, na pumziko lile likaja. Alikuwa ndani yake. Lilikuwa pana kuliko alivyodhani. Kulikuwa na nafasi humo ya kukumbuka mlima wa hospitali na muuguzi aliyefumba macho, na bado akabaki na muda wa kuingiza ya tatu.

"Klachi. Taratibu. Hivyo hivyo. Vizuri sana," alisema kwa sauti.

Muuzaji akageuka kutazama kiti cha nyuma, ambacho hakina hata nafasi ya mtoto.

Waliporudi, Mwalimu alizima gari akakaa kidogo, mikono juu ya usukani. Akashuka. "Zuri," alisema. "Lakini tunachukua otomatiki. Mzee, keti wewe sasa. Lako hilo."

Sindano akasaidiwa kuingia kwenye lile pacha la pili, upande wa usukani. Akapewa ufunguo. Injini ikawaka. Akarekebisha kioo cha kati, akarekebisha cha pembeni, akasogeza kiti mbele, akakirudisha nyuma. Akauliza kama dirisha linafunguka lote. Likafunguliwa lote. Akauliza kuhusu taa za ukungu, wakati jua lilikuwa linachoma bati. Muuzaji akamwita binti ofisini akaone karatasi za gari, na Mwalimu akaingia kiti cha kushoto, kiti chake cha siku zote. Mguu wake ukatafuta pedali bila kutumwa, ukakuta zulia.

"Weka gia, twende," alisema kwa upole.

Sindano hakuweka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika usukani mpaka vifundo vimepauka.

"Naogopa," akasema.

Mwalimu alishasikia neno hilo kutoka kwa watu wengi kwenye kiti kile, lakini hili lilimpata vingine. "Unaogopa nini?"

"Kuendesha. Nikifikiria tu, jasho linanitoka. Mkono huu ukifa kama ule katikati ya barabara, je? Nikimgonga mtoto wa mtu?"

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali."

"Na yale ya kila asubuhi? Kunyoa mwenyewe, kwenda kwa binti mwenyewe?"

Sindano akazima injini. "Siku ile ya kwanza niliropoka tu. Nikaona uso wako umechanua. Ulikuwa hujachanua miezi. Ulikuwa unanitazama kama nguo iliyochanika pasiposhoneka. Nikasema, kumbe hili linampa raha, nikawa nakupa kila asubuhi pamoja na chai."

Mwalimu alitaka kukasirika, akakuta hasira haipo karibu. Alikuwa anacheka, na machozi nayo yapo. "Mzee wewe. Mimi nilikuwa nachanua kwa ajili yako. Otomatiki yenyewe siitaki hata kuisikia."

"Unalitaka lile?"

"Nalitaka mpaka naliota."

"Najua. Mbavu zangu ndizo zinazopigwa." Akavuta pumzi. "Basi lichukue. Mimi nitakaa."

"Utakaa tu?"

"Nitakaa tu. Nitatazama."

Neno hilo lilimchoma Mwalimu kuliko yote, kwa kuwa alilijua lilivyo. Alijua kukaa kiti cha kushoto mwaka baada ya mwaka, mwili unataka kufanya kitu na hakuna cha kufanya. Gari la kumfanya mumewe mzigo unaobebwa hakulitaka, hata liwe bluu kiasi gani. Alimshika mkono akamtoa, wakahamia lile la gia, ufunguo wake bado umo, yeye kulia, Sindano kushoto, akamfunga mkanda.

"Tunakwenda wapi?" Sindano akauliza.

"Sijui. Mpaka mwisho wa ukuta."

Akaondoa kwa ya kwanza. Injini ikapanda, ikaomba. Mwalimu akakanyaga klachi, mkono wake wa kushoto ukashuka kwenye kishikio cha gia, ukakuta kimeshikwa. Mkono wa kulia wa Sindano ulikuwa pale, ule mzima, mkono uliokata makoti ya nusu ya mji. Hakuwa anamtazama. Alivuta, na ya pili ikaingia laini.

"Nani kakwambia?" Mwalimu akauliza.

"Nimesikia."

Mwalimu akaurudisha mkono wake kwenye usukani. Akakanyaga tena. Ya tatu ikaingia. Ukuta ukawa rangi, maghala yakawa rangi, na kati ya gia na gia kulikuwa na kitambo ambacho safari hii hakikuwa cha mtu mmoja. Mguu wake ulikuwa unaifungua njia na mkono wa mumewe unapita, kama wanakunja shuka moja wakiwa wamesimama pande mbili za kitanda. Walifika mwisho wa ukuta mapema kuliko walivyotaka, wakageuza.

Walipokaribia kona ya yadi Mwalimu akapunguza mwendo, na Sindano, kwa kujiamini sasa, akaivuta gia kabla mguu haujafika. Chuma kikalia vibaya ndani ya gari zima.

"Wewe mzee!" Mwalimu akafoka. "Klachi kwanza! Klachi kwanza nimekwambia miaka yote! Ngoja mguu wangu! Gari la watu hili, unataka kulisaga meno?"

Gari likajiendea lenyewe kidogo. Mwalimu akaisikia sauti yake ikimrudia masikioni, akashtuka. Tangu hospitali hakuwa amempandishia sauti hata siku moja. Pole, taratibu, nikusaidie, usijichoshe: mwaka mzima hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake, na kwa sauti ya mtu aliye kwenye chumba cha mgonjwa.

"Samahani," akasema. "Samahani, sikukusudia."

Sindano alikuwa anacheka. Mdomo wake, uliopinda kidogo tangu augue, ulikuwa umepinda zaidi, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Usiniombe samahani," alisema. "Mwaka mzima unanisemesha kama maiti. Nifokee tena."

Mwalimu akafuta uso kwa mgongo wa mkono, akakanyaga klachi mpaka chini.

"Ya pili," alisema, na sauti ikatetemeka, kisha ikakaa sawa. "Ya pili nimesema! Unangoja nini, kadi ya mwaliko?"

Sindano akaiingiza, na wakampita muuzaji aliyekuwa amesimama getini na funguo za otomatiki mkononi.